« Mama, leo uko na nini ya mupya? »

Kwenye restora za machimbo, hapa Luhwindja, kuna wateja wa namna mbili. Wa kwanza anaikaa bila kutazama sufuria: « Mama, letea mimi ile ya siku zote. » Bugali ya muhogo na sombe, basi. Wa pili anafunua vifuniko, ananusa, anauliza kama leo kuna kitu kipya. Wenzake wanamucheka. Sisi tuko upande wake.

Dhahabu imekusanya watu wa kila pembe. Mushi anatafuta mashanza yake, Murega anataka makemba, na mwenye kutoka Kinshasa anaita sombe yetu pondu. Ukionja sahani ya jirani, umetembea inchi bila kulipa gari.

Wazee wengine wanasema: « Hiyo si chakula yetu. » Lakini muhogo wenyewe ulitoka Amerika; Wareno ndio waliuleta Afrika. Na sambaza? Haikuwa ndani ya ziwa Kivu. Ililetwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wa kwanza kuionja Bukavu walikuwa wateja wa namna ya pili.

Kuonja si anasa tu. Katika Burhinyi, jirani zetu, waganga walikuta ugonjwa wa konzo. Unakamata miguu ghafla, na mtu hatembei tena vizuri maisha yake yote. Unatokea pale watu wanapokula muhogo mchungu ambao haukulowekwa siku za kutosha, na sahani haina samaki, nyama ao maharagi. Kwa hiyo sambaza kidogo kando ya bugali ni kinga ya miguu, na mchimbaji bila miguu atashuka namna gani katika shimo?

Shida ni moja: baba anaonja kila siku kwenye benchi, na nyumbani watoto wanabakia na bugali na majani peke yake. Feza ya shimo ni ya wote. Basi, agizeni sahani moja mpya, mugawane wawili ao watatu. Ikiwa tamu, uliza mama vile ameipika. Siku ya Mungu, nunua vitu vyake sokoni, upeleke nyumbani, na wewe mwenyewe umweleze mama watoto. Watoto nao waonje. Pengine watakunja uso mara ya kwanza. Mara ya pili wataomba kuongezwa.