Kabla hujalipia pikipiki ya mkononi, uliza: kadi iko wapi?

Leo naongelea kosa lililonila laki tisa, ili wewe lisikule.

Mimi nauza madera, vitenge na viatu mtandaoni, nipo Chunya. Wateja wangu wengi ni wa machimboni, Makongolosi na Matundasi huko. Mzigo naufuata Mwanjelwa, nikirudi napiga picha, naweka status, oda zinaingia. Tatizo lilikuwa usafiri. Kila oda bodaboda, kila bodaboda hela. Nikaona bora ninunue pikipiki yangu, hata kama ni ya mkononi.

Nikakuta tangazo kwenye grupu la kuuza na kununua. Boxer, bado nzima, milioni 1 na laki 6. Nikampigia muuzaji, kijana mpole kabisa, ananiita dada kila sentensi. Akasema ana shida ya haraka, mtoto anaumwa. Kadi? "Dada, kadi ipo kwa mama Sumbawanga, nitakutumia kwa basi." Akanionyesha kopi. Jina si lake. "Huyo ni bosi wangu wa zamani, alishaniuzia." Nikaamini. Nikalipa.

Wiki ya tatu, nipo stendi nasubiri mzigo, wakaja wanaume wawili. Mmoja ana ufunguo wa akiba, mwingine ana kadi halisi. Tukaenda wote polisi. Ikaonekana ile ilikuwa pikipiki ya mkataba. Kijana alikuwa anapeleka hesabu ya elfu 50 kila wiki, na zilikuwa zimebaki wiki 18 ndipo iwe yake. Simu yake ikawa haipatikani hadi leo.

Mwenye pikipiki hakuwa mtu mbaya. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nataka hesabu yangu tu." Nikamalizia laki 9, tukaandikishana, akanipa kadi. Kwa hiyo pikipiki ya bei poa ikanigharimu milioni 2 na nusu.

Kwa nini anayepoteza ni mnunuzi?

Wengi tunadhani nikilipa kwa nia njema, mali ni yangu. Siyo hivyo. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inafuata kanuni kwamba mtu hawezi kukupa umiliki ambao yeye mwenyewe hana. Ipo misamaha michache, lakini usiifanye ndiyo mpango wako. Kuna madeni ya aina tatu ya kujihadhari nayo:

1. Mkataba wa bodaboda au bajaji. Dereva anatembelea chombo kila siku, mtaa mzima unajua ni chake, kumbe kadi ina jina la bosi mpaka amalize hesabu.

2. Mkopo wa benki au kampuni ya mikopo. Kadi halisi inakaa kwa mkopeshaji, na mara nyingi jina la benki linaandikwa kwenye kadi pamoja na la mkopaji. Kuna pia ukodishaji wa kifedha chini ya sheria ya mwaka 2008. Hapo mwenye mali ni kampuni iliyokodisha, anayeendesha ni mpangaji tu.

3. Mkopo wa mtaani. Mtu ana shida, anaacha kadi kwa mkopeshaji, wanaandikiana karatasi. Huu ndio mgumu kuugundua, maana jina kwenye kadi ni lake kweli na TRA wanamtambua. Kinachokosekana ni kadi yenyewe mkononi.

Umeona? Zote tatu zinakutana kwenye swali moja: kadi halisi iko wapi?

Jinsi ya kukagua

Wenzetu Kenya wana daftari la serikali la mali zinazohamishika zilizowekwa dhamana, kwa sheria ya mwaka 2017. Uganda nao walitunga ya kwao mwaka 2019. Unalipa kidogo, unatafuta. Uingereza hata mtu anayenunua karavani, ile nyumba ya kuvutwa na gari, anaangalia kwanza kama ina deni. Sisi huku ukaguzi mwingi ni wa miguu, lakini unawezekana:

- Shika kadi halisi kabla ya kutoa hata shilingi ya "kushikia". Kopi na picha ya WhatsApp siyo kadi.

- Linganisha namba ya usajili, namba ya chesisi na namba ya injini kwenye chombo na kwenye kadi. Soma kwa kidole, namba kwa namba. Chesisi ikiwa imekwanguliwa, ondoka.

- Jina kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha NIDA cha anayekuuzia. Yakitofautiana, ongea na mwenye jina ana kwa ana, siyo kwa simu. "Bosi" wa kwenye simu anaweza kuwa rafiki yake.

- Nenda naye TRA kabla ya malipo, siyo baada. Muuzaji asiye na deni haogopi TRA. Mwenye visingizio ameshakujibu.

- Kadi mpya ya chombo cha zamani? Uliza kwa nini. Wapo wanaoacha kadi kwa mkopeshaji, halafu wanatoa taarifa polisi kwamba imepotea ili wapewe nyingine.

- Kama anayeuza ni kampuni, tafuta taarifa zake BRELA. Dhamana zinazowekwa na kampuni husajiliwa kule.

- Angalia kama kuna kifaa cha kufuatilia kimefichwa chini ya siti. Wakopeshaji wengi hukifunga.

- Uliza kijiweni anakopaki. Bodaboda wanajuana. Dakika kumi tu wangeniambia, "Dada, hiyo bado ya mkataba."

- Ukiwa hapohapo, ingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani. Faini nazo ni deni.

Ukikuta deni, siyo lazima uache

Hapa wengi hawajui. Chombo chenye deni unaweza kukinunua salama, ilimradi hela ipite njia sahihi. Nendeni wote wawili kwa mkopeshaji au bosi. Akupe salio kwa maandishi. Deni lilipe wewe moja kwa moja kwake, siyo kupitia kwa muuzaji. Chukua kadi na barua kwamba deni limeisha. Kinachobaki ndicho unampa muuzaji. Mkataba wa mauzo uandikwe mbele ya wakili, na umiliki ubadilishwe TRA mapema. Usikae mwaka mzima na kadi ya jina la mtu.

Ningefanya hivyo, mwenye pikipiki angepata laki 9 zake, kijana laki 7, na mimi ningebaki na ile milioni 1 na laki 6 niliyopanga.

Na wewe unayenunua ili uuze tena, iwe simu, friji au kirikuu, kumbuka kwamba mali ikidaiwa, mteja wako hatamtafuta aliyekuuzia wewe. Atakutafuta wewe, kwa jina la ukurasa wako.

Kijana yule alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na haraka. Sasa hivi mtu akiniambia kadi ipo Sumbawanga, namjibu kwa upole: basi na hela yangu itaisubiri hapa Chunya.

Mtumie mwenzako anayetafuta usafiri wa mzigo. Biashara njema.