Ajurumiya ya Chuoni Ilivyofika Uholanzi

Aliyesoma nahau chuoni, iwe Lamu au Mombasa, anaijua Ajurumiya. Ni kitabu chembamba cha Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323. Wachache wanajua kwamba Wazungu nao walipita mlango huo huo.

Ulaya ilikitaka Kiarabu zamani. Mwaka 1143 Robert wa Ketton aliifasiri Qur'ani kwa Kilatini, na waliomtuma walitaka silaha ya kuupinga Uislamu. Matabibu nao walimhitaji Ibn Sina. Mkutano wa kanisa huko Vienne, 1311 hadi 1312, uliagiza Kiarabu kisomeshwe Paris, Oxford, Bologna na Salamanca, lakini agizo halikuzaa mengi. Walimu wangetoka wapi?

Hapo ndipo pa kumtazama Thomas Erpenius, Mholanzi aliyezaliwa 1584. Akiwa Paris alisomeshwa na Mkopti wa Misri, ila Kiarabu cha huyo kilikuwa zaidi cha mazungumzo kuliko cha vitabuni. Hata huku kwetu tunawajua: karudi kutoka Ghuba anakimimina Kiarabu, mpe ukurasa autie irabu, kimya.

Mwaka 1611, huko Ufaransa, akakutana na Ahmad ibn Qasim al-Hajari. Huyu alikuwa Mwislamu wa Andalusia aliyetoroka Uhispania akawa mkalimani wa Sultani wa Moroko. Alikwenda Ufaransa kudai mali za Waislamu waliofukuzwa Uhispania, wakaporwa na manahodha baharini. Kwake Erpenius akapata mtu wa kumuuliza fasaha.

Mwaka 1613 Erpenius akawa profesa Leiden, na mwaka huo huo akatoa kitabu chake cha sarufi, ambacho Ulaya ilikitegemea kwa takriban miaka 200. Al-Hajari alimzuru huko. Mwaka 1617 Erpenius akaichapa Ajurumiya pamoja na tafsiri ya Kilatini. Roma walikwisha kuichapa 1592. Tauni ilimuua 1624, ana miaka 40. Mwanafunzi wake Golius akaenda Moroko na Sham, akarudi na miswada, na mwaka 1653 akatoa kamusi kubwa ya Kiarabu na Kilatini.

Erpenius husifiwa kama aliyejisomea. Mimi naona sifa hiyo imepunjwa upande wa pili. Bahati nzuri al-Hajari aliandika mwenyewe, kwa Kiarabu, habari za safari yake na mijadala yake na Wakristo na Mayahudi wa Ufaransa na Uholanzi, na kitabu chake kingalipo.