Mbwa wako anajikuna tena? Tibu pia mahali anapolala

Unaishi Buyenzi, Kinama au mtaa mwingine wa Bujumbura, na mbwa wako anapona kisha anaanza tena kujikuna? Mara nyingi chanzo ni viroboto. Hutaga mayai mwilini mwa mbwa, lakini mayai huanguka kwenye matandiko na nyufa za sakafu. Ukimtibu mbwa peke yake, baada ya wiki chache viroboto wapya watamrudia.

Fanya hivi:

- Fua matandiko yake kwa maji ya moto kila wiki, uyaanike juani. Fagia nyufa zote.
- Mpe dawa ya viroboto kila mwezi, angalau kwa miezi 3. Usimpake paka dawa ya mbwa, nyingine humuua.
- Usimpake mbwa oili chafu ya gari. Ina sumu, naye hujilamba.
- Akiwa na vidonda vyenye usaha au harufu, muone veterineri. Maliza dawa zote hata akionekana amepona.

Manyoya yakinyonyoka masikioni na kwenye viwiko, na watu wa nyumbani nao wakiwashwa, huenda ni upele. Mbwa apelekwe kwa veterineri, nanyi mwende kituo cha afya.