Kijiko Kimoja Si Funda Moja

Sisi tukaao bwenini twajua kwamba baridi ikiingia, kikohozi cha mmoja huwa kikohozi cha wote. Huanza kitanda cha mwisho, na kabla ya juma kwisha bweni zima lakohoa. Hapo ndipo chupa za dawa huanza kupita mkono kwa mkono. Nataka kueleza jinsi dawa ya kikohozi iliyoandikwa na daktari ipasavyo kutumiwa, na sababu zake.

Sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe. Muhula uliopita niliandikiwa dawa ya maji. Karatasi ya chupa ilisema: 5 ml, mara 3 kwa siku, kwa siku 5. Siku ya tatu nilipata nafuu, nikaiweka chupa sandukuni. Jirani yangu wa Kidato cha Pili akaniomba, nami nikampa, nikidhani natenda wema. Hakuwa na kipimo. Alipiga mafunda mawili akalala. Asubuhi kengele ilipolia hakuamka. Tulimtikisa, akafumbua macho, akanena maneno yasiyoeleweka, akalala tena. Matroni alikuja mbio akauliza, "Amekunywa nini?" Nikaitoa chupa, mikono yatetemeka. Alipelekwa hospitali, akaangaliwa mpaka jioni, na ashukuriwe Mungu akapona. Daktari alisema kuletewa chupa ile kulimsaidia sana kujua la kufanya.

Aliporudi tulichukua kikombe kidogo cha kupimia dawa, tukapima mafunda yake mawili kwa maji. Yalikuwa 40 ml, yaani dozi 8 kwa mara moja! Tukapima na vijiko vitatu vya chai. Kimoja kilichukua 3 ml, cha pili 5 ml, na cha tatu 7 ml. Basi anayesema "kunywa kijiko kimoja" hajasema kitu bado. Kijiko cha dawa ni 5 ml, na kile kikubwa cha mezani huhesabiwa 15 ml, mara tatu zaidi. Tumieni kipimo kinachokuja na chupa, au bomba la sindano lisilo na sindano, ambalo mwuza dawa aweza kuwapa. Tena tikiseni chupa kwanza ikiwa karatasi yasema hivyo, maana dawa nyingine hutuama chini. Anayekunywa mwanzo hupata maji, na wa mwisho hupata dawa yote.

Jambo la pili ni saa. Mara 3 kwa siku maana yake ni kila baada ya saa 8: kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Ukisahau, usinywe dozi mbili pamoja ili kufidia. Ikiwa saa ya dozi nyingine i karibu, iache ile iliyokupita, uendelee kama kawaida.

Sasa yafaa tujue dawa yafanya nini mwilini. Kukohoa si adui. Ni mlinzi anayetoa makohozi na vumbi kifuani. Kwa hiyo dawa ya kulainisha makohozi si sawa na dawa ya kuzuia kikohozi kikavu, na achaguaye ni daktari. Baadhi ya dawa za kuzuia kikohozi zina kodeini, ambayo ni ya jamaa ya afyuni. Ini huigeuza sehemu yake kuwa mofini, nayo hutuliza ubongo. Ikizidi, hupunguza hata pumzi. Tena watu hawalingani: kwa kuzaliwa tu, ini la mwingine huigeuza upesi mno, na dozi ya kawaida yaweza kumdhuru. Ndiyo sababu mwaka 2018 Marekani iliagiza kwamba dawa za kikohozi zenye kodeini zisitumiwe tena kwa walio chini ya miaka 18. Mwaka huohuo Nigeria ilipiga marufuku kutengeneza na kuingiza dawa za kikohozi za maji zenye kodeini, kwa kuwa vijana wengi walikuwa wakizinywa ili walewe. Anayeanza kwa mchezo hufungwa nayo kama mtumwa.

Dawa nyingine huleta usingizi, kama ile niliyompa mwenzangu. Hizo hazichanganywi na pombe wala dawa nyingine za usingizi. Angalieni pia dawa za mafua zenye parasetamoli ndani yake: ukinywa hiyo pamoja na vidonge vya parasetamoli, umekunywa mara mbili bila kujua, nalo ini ndilo liumialo.

Wazazi wetu nao nawaomba wanunue dawa katika duka lenye kibali tu. Mwaka 2022 huko Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa kwa kuharibika mafigo, na dawa za maji za kikohozi na mafua zilizokutwa na sumu zilihusishwa na vifo hivyo. Na mtoto mchanga asiyetimiza mwaka asipewe asali, ingawa wakubwa hutulizwa nayo koo.

Mwisho, kikohozi kilichopita majuma mawili, au chenye damu, homa za usiku au kukonda, si cha kununulia chupa nyingine. Nenda ukapimwe kifua kikuu.

Tangu siku ile chupa yangu ikibaki na dawa nairudisha kwa matroni, na mwenzangu akiniomba nampeleka kwake. Wengine huniita mchoyo. Heri niitwe hivyo kuliko kusimama tena kando ya kitanda nikimwita mtu asiyeitika.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne