Siku Moja Juu ya Matumbawe ya Chumbe

Wengi wetu tuliozaliwa katika visiwa hivi na mwambao wake tumelelewa na sauti ya mawimbi. Twala samaki mchana na usiku, twasafiri kwa vyombo, na methali zetu nyingi zimetoka baharini. Walakini tukiulizwa kuna nini chini ya maji hayo, pima moja au mbili tu kutoka juu, aghalabu hatuna jawabu. Twamjua samaki kwa ladha yake na kwa bei yake mnadani, wala hatumjui nyumbani kwake. Kwa sababu hiyo sisi watu 8 wa nyumba mbili, wakubwa kwa vijana, tuliazimu kufunga safari ya siku moja kwenda Chumbe, tukayaone hayo kwa macho yetu wenyewe.

Katika msafara wetu alikuwamo ami yetu mmoja, mtu mzima, aliyevua tangu udogo wake hata nguvu zilipompungukia. Yeye alikuja kwa kuturidhisha tu. Tulipokuwa tukipanda mashua pwani ya Mbweni alisema, "Bahari hii nimeijua miaka hamsini. Mtanionyesha nini mimi?"

Chumbe ni kisiwa kidogo kusini ya mji wa Unguja, urefu wake wapata kilomita 1, na mashua ya mashine hufika kwa muda usiotimia saa moja. Mnara wake wa taa ulijengwa mwaka 1904. Upande wa magharibi uko mwamba wa matumbawe ambao wavuvi wa ngalawa zamani hawakuuendea sana, kwa kuwa ni mbali na ni njia ya meli. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliufanya mwamba huo kuwa hifadhi, na uvuvi ukakatazwa hapo. Walinzi walichaguliwa kutoka miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya karibu, wakafundishwa kazi hiyo. Mgeni haruhusiwi kuzamia kwa mitungi ya hewa. Huelea juu ya maji tu, amevaa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia.

Kabla ya kuingia majini tulipewa masharti: tusiguse kitu, tusisimame juu ya tumbawe, wala tusichukue hata kombe tupu, maana wako kaa wasio na gamba lao ambao huyafanya makombe hayo kuwa nyumba zao. Kina mama walivaa nguo za kuogelea zenye kusitiri mwili wote, na kila asiyejua kuogelea alifungwa jaketi la kuokolea.

Siku hiyo ilikuwa ya maji mafu, bahari imetulia mfano wa kioo. Tulipotia nyuso zetu majini kwa mara ya kwanza, kila mmoja wetu alisahau baridi na hofu yake. Chini yetu ulikuwako mji mzima: matumbawe mengine mfano wa pembe za paa, mengine mfano wa meza, na mengine ya mviringo kama majabali. Vitatange walipita wawili wawili. Pono walikuwa wakiguguna mwamba, na sauti ya meno yao tuliisikia waziwazi. Jiwe wanalolisaga hutoka matumboni mwao likawa mchanga mweupe, na sehemu kubwa ya mchanga wa fukwe zetu hupatikana hivyo. Samaki wadogo wa rangi ya chungwa walijificha katika mikono ya kinyama mfano wa ua, ambacho huwasha kila akigusaye isipokuwa wao. Kisha akapita kasa, taratibu, kama mtu mzima atokaye msikitini, asitutazame kabisa.

Kijana wetu mmoja alichoka, akasahau sharti, akataka kuweka mguu juu ya tumbawe moja la mviringo. Mlinzi alimshika mkono kwa upole, akamwelekeza kwenye boya. Baadaye alitueleza kwamba tumbawe si jiwe wala si mmea, bali ni jamaa kubwa ya vinyama vidogo vyenye kujijengea nyumba ya chokaa. Matumbawe ya namna ile ya mviringo hukua kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwaka. Basi lile lililo sawa na kimo cha mtu lilikwisha kuwapo kabla ya kujengwa mnara wa taa. Kijana akainamisha kichwa.

Ami yetu naye, baada ya kusihiwa sana, aliingia majini. Alielea muda mrefu kuliko sisi sote. Alipotoka alikaa juu ya mchanga asiseme neno, hata adhuhuri ilipoingia. Kisiwani pana msikiti mdogo wa zamani, wa mtindo wa Kihindi, uliojengewa watunzaji wa taa. Tulisali humo, na tulipokwisha, ndipo aliposema.

"Ujanani mwetu tulivua kwa kigumi. Tulizungusha wavu juu ya mwamba, tukayapiga matumbawe kwa miti ili samaki wakurupuke. Mimi nilidhani napiga mawe. Kumbe tulikuwa tukibomoa nyumba ili tumtoe mwenye nyumba."

Kijana wetu hakuridhika. Akamwuliza, "Lakini ami, mvuvi ana watoto. Akifungiwa bahari, chunguni atatia nini?"

"Neno lako ni la haki, mwanangu," akajibu mzee. "Hatukuvua kwa ubaya, tulivua kwa njaa. Lakini mwenye kuku huacha mayai mengine yaatamiwe. Akiyala yote, mwakani hana mayai wala hana kuku. Mwamba wetu tulioupiga miti, mwishowe ulitupa nini? Tulikuwa twarudi na dagaa wa kushika kiganjani."

Mlinzi, ambaye mwenyewe alikuwa mvuvi, aliongeza kwamba samaki hawajui mpaka. Wakubwa hutaga ndani ya hifadhi, mayai na vitoto huchukuliwa na mkondo, na wengine hutoka wakavuliwa nje. Tukakumbuka kwamba katika Surat An-Nahl Mwenyezi Mungu ametutajia bahari kuwa neema tuliyotiishiwa, tule humo nyama laini na tutoe mapambo. Na katika Surat Ar-Rum ametuonya juu ya uharibifu wa bara na bahari unaotokana na mikono ya watu. Neema na onyo vimekuja pamoja.

Wala si miti na baruti peke yake iletayo madhara. Maji yakizidi joto, vinyama hivi huvitoa vijimea vidogo vinavyowalisha kwa nuru ya jua, na tumbawe likawa jeupe. Joto likiendelea, hufa. Mambo hayo yalizipata pande zetu mwaka 1998, na tena mwaka 2016. Mwamba mzima huweza kupona kwa miaka, lakini uliokwisha kuvunjwavunjwa hauna nguvu ya kupona.

Basi sisi wa majumbani tufanye nini? Jambo la kwanza, mnunuzi ana sehemu yake. Tusinunue changu wachanga wala samaki wa baruti, ambaye nyama yake imelegea na mifupa imevunjika ndani. Tusipambe vyumba vyetu kwa matumbawe na magamba ya kasa. La pili, tuwafundishe watoto wetu, wa kiume na wa kike, kuogelea kwa stara na usalama, kwani mtu hakilindi asichokijua. La tatu, tusimwachie mvuvi peke yake mzigo wa hifadhi. Anapofungiwa mwamba, ni haki yake asaidiwe kupata chombo cha kwenda maji makuu au kazi nyingine ya halali.

Tulirejea Mbweni alasiri. Ami yetu ameagiza kwamba safari ijayo wajukuu wake wote waje, na miwani ya maji ataivaa yeye wa kwanza.