Mwenye Wimbo na Mwenye Karatasi

"Mali bila daftari hupotea bila habari," walinena wazee wetu, na aghalabu tunadhani walikuwa wakiwausia wenye maduka na manahodha. Mimi, msomaji mpenzi, methali hiyo ilinikaa barabara si dukani wala bandarini, bali katika kibanda cha fundi redio pale Kebirigo, kaunti ya Nyamira, siku ya mvua.

Nilikuwa nimepanda bara kwa arusi. Jamaa yangu alikuwa akioa kwa Wanubi wa mjini Kisii, watu waliokaa mji ule tangu enzi za ukoloni, na ambao ukiketi barazani kwao huoni tofauti kubwa na Mombasa ila baridi. Arusi ilipokwisha nikaona si vyema kurudi pwani bila ya kuitazama nchi, nikapanda matatu ya kwenda Nyamira.

Nchi yenyewe ni vilima juu ya vilima: chai upande huu, migomba upande ule, na huko mabondeni, baina ya kilima na kilima, maji husimama yakaota mafunjo. Pahala pengi mafunjo yamefyekwa, pamepandwa mikaratusi au pamechimbwa udongo wa matofali. Lakini vinamasi vilivyosalia vingalipo, na ukipita na mvua huwasikia vyura wakishindana.

Dereva alikuwa amefungulia muziki. Baada ya benga mbili tatu ukaja wimbo wa Kizungu, sauti ya mwanamume aimbaye kama ana kokoto kooni, na gitaa linatetemeka kama mwanga juu ya maji.

"Huyo nani?" nikauliza.

"Hao ni Creedence, Ustadh. Wanaimba habari za meli ya mtoni. Huku kwetu wazee wanawapenda sana."

Sikustaajabu. Nyimbo za Kusini mwa Marekani si ngeni pande hizo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alifika Kapkatet kwa majirani zao Wakipsigis, akawanasa wasichana wakiimba habari za mtu waliyemwita Chemirocha. Naye ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi, ambaye sauti yake ilikuwa imefika vilimani kwa santuri.

Tulipofika Kebirigo mvua ilikwisha shuka. Nikakimbilia kibanda cha karibu, nikamkuta mzee wa miaka sabini na kitu, miwani puani, redio tatu zimepasuliwa mbele yake. Ukutani palitundikwa gitaa kavu lenye nyuzi tano. Wa sita haupo.

"Karibu, Ustadh. Kaa, mvua ya hapa haina haraka."

Nikamwuliza kama lile gitaa ni la kutengenezwa au ni lake. Akasema ni lake, lakini halipigi. Ujanani alipiga benga. Alimtaja kwa heshima kubwa marehemu Christopher Monyoncho, bingwa wa benga ya Kigusii na kiongozi wa bendi ya Riakimai, aliyefariki mwaka 2013. Akanieleza pia habari za obokano, kinubi kikubwa cha Wagusii chenye nyuzi nane, ambacho sauti yake nzito hunguruma chini kwa chini. Alisema kabla ya kushika gitaa masikio yake yalijaa obokano ya babu yake, na ndiko alikopata mapigo yake.

Basi kisa chake ni hiki. Alikwenda Nairobi akarikodi nyimbo kadhaa, akapewa fedha mara moja tu, akatia sahihi karatasi ya Kiingereza asiyoisoma. Nyimbo zikapendwa. Mpaka leo akipanda matatu huzisikia, na senti haimfikii. Akala yamini hataziimba tena.

"Nikiziimba," alisema, "namwimbia yule mwenye karatasi."

Nilinyamaza kitambo. Kisha nikamwambia, "Mzee wangu, yule wa sauti ya kokoto aliyapata hayo hayo."

John Fogerty alizaliwa tarehe 28 Mei 1945 huko Berkeley, California, akakulia El Cerrito, mji wa jirani. Watu humdhania ni mwana wa Louisiana, kwa vile nyimbo zake zimejaa mito, matope na maji mazito ya Kusini. Sivyo. Louisiana ilikuwa mbali naye kuliko Lamu ilivyo mbali na Kigali. Mto wake wa kweli ulikuwa kijito cha Putah, California, ambako wazazi wake walikuwa wakimpeleka likizo akiwa mtoto. Mengine aliyatoa kwenye santuri na redio. Wenye kuainisha muziki wakauita mtindo wake roki ya vinamasi, yaani mchanganyiko wa bluzi, muziki wa mashamba na midundo ya Louisiana. Ni kama mshairi aliyemsifu mwezi asiufikie, na sifa ikawa kweli.

Alianza mwaka 1959 na wenzake wawili wa shule, Stu Cook na Doug Clifford, kisha kaka yake Tom akajiunga nao. Mwaka 1968 wakajiita Creedence Clearwater Revival. Mwaka 1969 pekee walitoa albamu tatu, na ndio mwaka ambao "Proud Mary", ule wimbo wa meli ya mtoni, ulienea dunia nzima. Takriban nyimbo zote mashuhuri alizitunga yeye. Tom aliondoka mwaka 1971, na bendi ikavunjika mwaka 1972.

Lakini kwa mkataba waliotia sahihi na kampuni ya Fantasy, chini ya Saul Zaentz, nyimbo zilikuwa mali ya kampuni. Ili ajikomboe katika mkataba huo, Fogerty aliacha hata malipo ya santuri zake. Akatoka huru, mikono mitupu. Kwa hasira akagoma: jukwaani nyimbo zake za zamani haziimbi. Akanyamaza hivyo takriban miaka 15.

Mwaka 1985 akarudi na albamu "Centerfield", ikapanda hadi nambari ya kwanza Marekani. Kampuni ikamshtaki kwamba wimbo wake mpya, "The Old Man Down the Road", umeibwa kutoka "Run Through the Jungle", wimbo wake mwenyewe wa zamani! Yaani kadhi aamue kama mtu amejiiba. Kesi ikasikizwa San Francisco mwaka 1988. Fogerty alipanda kizimbani na gitaa, akawapigia wazee wa baraza nyimbo zote mbili, akaonyesha kuwa mtindo ni wake ila nyimbo ni mbili. Akashinda. Mwaka 1994 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikampa haki pia katika dai la gharama za mawakili.

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. "Na zile za zamani, alirudi kuziimba?"

"Alirudi." Mapema mwaka 1987, katika klabu moja California, Bob Dylan alimtania kuwa asipouimba "Proud Mary" watu wataudhania ni wa Tina Turner. Tarehe 4 Julai mwaka huo, mbele ya wanajeshi waliopigana Vietnam, akaziimba. Halafu mwaka 1990 akazuru Mississippi, akasimama kwenye kaburi la Robert Johnson, mwimbaji wa bluzi aliyekufa maskini. Amesimulia mwenyewe kwamba alijiuliza pale: nyimbo hizi karatasi zake anazo nani? Kisha akaona kuwa hilo halibadili kitu. Nyimbo ni za Johnson. Na kwa hesabu hiyo, zake ni zake. Mwaka 1997 akatoa "Blue Moon Swamp", ikapata tuzo ya Grammy. Mwaka 2004 wenye kampuni wakabadilika, na wamiliki wapya wakamrejeshea malipo. Mwezi Januari 2023, akiwa na miaka 77, akanunua sehemu kubwa ya haki za nyimbo zake. Zaidi ya nusu karne!

Mzee alikuwa ameacha kazi. Akauliza swali moja: "Ile miaka 15 aliyonyamaza, hasara ilikuwa ya nani?"

Sikumjibu, kwani alikwisha jijibu. Nikakumbuka mwalimu wangu wa chuoni alivyokuwa akituambia kuwa ubao hufutwa, ila kilicho kifuani hakifutiki. Pia nikawakumbuka washairi wetu wa pwani, ambao katika beti za tamati hutaja jina, na pengine mtaa na mwaka, ili asitokee mtu kesho akasema ni zangu. Hawakuwa na majivuno. Walikuwa wakiweka daftari. Hata "Malaika", wimbo aliousambaza Fadhili William, unagombaniwa mtungaji wake mpaka leo.

Kwa hiyo yako mambo mawili, wala moja halimfukuzi mwenzake. Karatasi ni lazima. Kenya ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001, na chini yake haki ya mtungaji hudumu uhai wake na miaka 50 baada ya kufa. Kijana anayetunga leo asitie sahihi asichokielewa. Na aliyekwisha dhulumiwa asiiongezee dhuluma kwa kuufunga mdomo wake mwenyewe.

Mvua ilipopusa nilimwuliza lile gitaa linataka uzi gani. "Wa kwanza, ule mwembamba," akasema, kama asiyejali. Kesho yake nikapata seti nzima mjini Kisii, nikampa dereva wa matatu ampelekee.

Baada ya juma moja simu ikalia nikiwa Mombasa. Hakusema mengi. Aliniambia ningoje, akaiweka simu mezani, na nikasikia gitaa, halafu sauti iliyokauka kidogo ikatafuta njia. Haukuwa wimbo wa zamani, ulikuwa mpya. Jina lake siliandiki hapa, kwani hajausajili bado.