Fundisho la Chamwino

Ndugu zetu wa Visiwani wanaodhani kwamba habari za Dodoma haziwahusu hawana budi kufikiri tena. Utaratibu wa kuzipatia kaya maskini fedha kwa masharti, ambao umefika hadi Unguja na Pemba, ulijaribiwa kwanza katika vijiji vya Chamwino, Bagamoyo na Kibaha, na malipo yalianza mwaka 2010. Mwaka 2012 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ukaanza kuueneza nchini.

Chamwino ni nchi ya mtama, uwele na mvua haba. Huko wanakijiji wenyewe walishiriki kuzitaja kaya fukara. Fedha zilitolewa kila baada ya miezi miwili, kwa sharti kwamba watoto waende shule na kliniki. Wapo waliohofu kuwa zingeliwa ovyo. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kaya hizo zikiwanunulia watoto viatu, zikifuga kuku na mbuzi, na zikijiunga zaidi na bima ya afya. Ni dhahiri kwamba ufukara si upumbavu.

Hata hivyo, kila utaratibu unapobadilishwa, wapo wanaoachwa nje. Awamu ya pili, iliyozinduliwa Februari 2020, imetilia mkazo kazi kwa wenye nguvu, pamoja na malipo kwa simu na benki. Nia ni njema, kwani uhakiki wa mwaka 2016 uliwafichua wengi wasiostahili. Lakini bibi kizee asiye na simu, wala asiyejua kusoma, atamtegemea nani? Kaya ikitoweka katika orodha, tusikimbilie kutangaza kwamba imejikwamua. Huenda imeshindwa tu kufika.

Zanzibar nayo ina la kufundisha. Tangu Aprili 2016 mzee mkaazi aliyetimiza miaka 70 anastahili pensheni, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kuulizwa umaskini wake. Mlango huo ni mpana.

Hatusemi masharti yote yafutwe. Tunasema kiongozi asiridhike kuhesabu waliopokea. Awahesabu pia waliokosa, na awaulize sababu mbele ya mkutano wa kijiji au wa shehia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayepanga masharti akiwa ofisini na aujaribu mzigo huo kwanza, kwa kutembea njia ile ile anayoipita bibi kizee kufuata haki yake.